Je, wajua? Kuna jeni ambayo ubongo huisoma kwa mama tu

Nenda buchani ukamwambie muuzaji akukatie ini la mbuzi, kisha ampasue kichwa mbuzi huyohuyo akutolee ubongo. Viweke kwenye sahani moja. Ini ni zito, rangi ya damu ya mzee, na kipande ukikikata kinasimama. Ubongo una mikunjo, ukiuminya kidogo unabonyea kama maziwa mgando. Hata hivyo seli za vyote viwili zimebeba DNA ileile, kwa sababu zimetokana na yai moja lililorutubishwa.

Zinachotofautiana ni jeni zipi zinasomwa. Binadamu ana jeni 20,000 hivi za kutengeneza protini, na hakuna seli inayozisoma zote. DNA ya seli moja ukiinyoosha inakaribia mita mbili, kwa hiyo huzungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi kwenye bobini ya cherehani. Palipolegea jeni husomeka, palipokazwa haisomeki. Seli pia hubandika juu ya DNA alama ndogo ya kemikali, methili, yenye atomu moja ya kaboni na tatu za hidrojeni, na mara nyingi alama hiyo ikiwa mwanzoni mwa jeni, jeni hunyamaza. Kukaza huku, kulegeza na kubandika, bila kugusa herufi hata moja ya DNA yenyewe, ndiko kunakoitwa epijenetiki. Ndiyo maana ini lina jeni zote za kutengeneza seli za neva na halitengenezi hata moja.

Hapo bado ni rahisi kuelewa. Mambo yananoga tukifika kwenye jeni moja iitwayo UBE3A.

Jeni hii ipo kwenye kromosomu ya 15. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba. Kwenye ini na kwenye ngozi zote mbili husomwa. Kwenye seli za neva za ubongo, nakala ya mama ndiyo inayosomwa, ya baba imenyamazishwa. Si kwamba ya baba ina kasoro. Iko nzima, imezimwa tu.

Inazimwaje? Yai la mama linapokomaa, sehemu fulani ya kromosomu ya 15 inayotawala jeni za jirani hubandikwa methili. Mbegu ya baba huiacha sehemu hiyo tupu. Kwa kuwa haina alama, kwenye kromosomu ya baba usomaji huanzia hapo na kutoa uzi mrefu mno wa RNA, yaani nakala ambayo seli huiandika inaposoma DNA. Katika seli nyingine uzi huo hukomea njiani. Katika seli ya neva hauishii njiani, unaendelea hadi unaivamia UBE3A kwa upande wa nyuma, na msomaji anayetokea mbele anakwama. Ni kama magari mawili kwenye daraja la njia moja: lililotangulia kuingia ndilo linalozuia.

Matokeo yake ni kwamba nakala ya mama ikikosekana au ikiharibika, ubongo hauna akiba. Mwaka 1965 daktari wa watoto wa Uingereza, Harry Angelman, aliandika kuhusu watoto watatu waliofanana kwa namna ya ajabu: hawakuongea, walitembea kwa kushtukashtuka, walikuwa na kifafa, na walicheka mno. Mwenyewe alisimulia kwamba alipata moyo wa kuandika baada ya kuona huko Verona, Italia, picha ya kale ya mtoto anayecheka akiwa na kikaragosi. Leo hali hiyo inaitwa kwa jina lake. Jeni inayohusika ilijulikana mwaka 1997.

Sasa fuata ukoo. Tuseme babu ana UBE3A yenye hitilafu aliyoirithi kwa baba yake. Yeye mzima, kwani ubongo wake unasoma ya mama yake. Anampa binti yake, naye mzima, maana kwake imetoka kwa baba. Binti akizaa, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, na atakayeirithi ataugua. Lakini kaka wa binti huyo, hata kama naye anayo, watoto wake hawatapata ugonjwa huu kutoka kwake. Hitilafu inaweza kupita kimya vizazi kadhaa kwa wanaume, halafu ikajitokeza kwa watoto wa mwanamke mmoja, na wakwe wakamtupia lawama yeye peke yake. (Wagonjwa wengi, hata hivyo, hawakuirithi. Kipande cha kromosomu ya mama kilipotea chenyewe.)

Na wale wanaosambaza kwenye makundi ya WhatsApp kwamba "akili hurithiwa kwa mama", wasije wakaichukua hii kama ushahidi. Tunazungumzia jeni moja, na kazi yake ni kusaidia kuweka alama kwenye protini zinazopaswa kutupwa.

Kilichowapa watafiti tamaa ni ile nakala ya baba iliyolala. Huko North Carolina, Marekani, walijaribu dawa zaidi ya 2,000 kwenye seli za neva za panya, na mwishoni mwa 2011 wakatangaza kwamba topotekani, dawa ya saratani, huufupisha ule uzi wa RNA na kuiamsha nakala ya baba. Topotekani ina madhara mengi, haifai kupewa mtoto kwa miaka. Njia inayofuatiliwa zaidi sasa ni vipande vifupi vya kemikali vinavyofanana na DNA, vinavyodungwa kwenye maji ya uti wa mgongo ili viuharibu uzi huo, na vimeshaanza kujaribiwa kwa watoto wenye Angelman.