Mtu wa komplayansi anaripoti kwa nani?

Juzi meneja wa kampuni moja ya utalii hapa Arusha kanipigia, dada naomba unitafutie mtu wa komplayansi, mawakala wetu wa Ulaya wanataka awepo kabla mwezi haujaisha. Nikamuuliza ataripoti kwa nani. Kwa meneja mauzo, akajibu. Nikamwambia hapo tayari tumeshakosea.

Wengine mnamwita ofisa uzingatiaji. Ndo yule anayehakikisha kampuni inafuata sheria na taratibu zake yenyewe kabla TRA au TAKUKURU hawajaja kuuliza, na kwa kampuni za huku kazi yake ni pana kwelikweli: PAYE, yaani kodi ya mishahara, iingie isipite tarehe 7, ritani ya VAT tarehe 20, leseni ya utalii ya TALA, usalama kazini wa OSHA, michango ya NSSF, mikataba ya wagumu wanaobeba mizigo Mlima Kilimanjaro, halafu sasa hivi kuna pasipoti na taarifa za afya za wageni, ambazo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka zilindwe, na bado naziona zinazunguka kwenye grupu la WhatsApp la madereva.

Kwenye kuchagua, mabosi wengi wanakimbilia mwanasheria mwenye GPA kubwa. Sheria mtu anafundishika, mimi natafuta jicho. Kuna usaili mmoja niliwapa watu daftari la mafunzo ya usalama, majina 32, sahihi 32, zote kwa peni moja ya bluu na mwandiko unaofanana. Karibu wote waligeuza kurasa wakasema liko kamili. Mdada mmoja wa Moshi, miaka mitatu tu kazini, akaomba ratiba ya safari za mwezi ule, akawa anashusha kidole jina kwa jina bila kusema kitu, kisha akaniuliza, "Hawa tisa siku hiyo walikuwa kambi ya Barafu, kule mlimani, wamesainije?" Nikamchukua yeye.

Na awe mtu wa kutoka ofisini. Fomu itakuambia kila mgumu kabeba kilo 20, lakini asimame geti la Machame asubuhi pale kwenye mzani aone wenyewe wanavyopima, aongee nao, wamzoee, maana siku kukiwa na jambo wao ndo watakaomwambia, sio fomu.

Sasa kumpata ni nusu ya kazi. Mimi mwenyewe niliwahi kufanya kazi hii sehemu moja, nikaandika ripoti ya kurasa tisa kuhusu vocha zilizoandikwa "usumbufu wa njiani", laki tatu, laki mbili na nusu, hakuna risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hata moja. Utaratibu ulikuwa ripoti inapita kwanza kwa bosi wa fedha. Ikafika kwenye bodi ina kurasa mbili. Zile saba zenye vocha bodi haikuziona, na bosi wa fedha ndiye aliyekuwa anazisaini hizo vocha. Hadi leo inaniuma.

Ndo maana sikubali kumpeleka mtu popote kama mkataba hausemi wazi kwamba anaingia kwenye bodi mara nne kwa mwaka bila meneja yeyote chumbani, kwamba bodi pekee ndo inaweza kumwachisha kazi, na kwamba bonasi yake haihusiani na mauzo. Awe na bajeti yake pia, hata ndogo, asiombe nauli ya kwenda kukagua kwa mtu anayemkagua. Msidhani haya ni mambo ya kampuni changa tu, Siemens mwaka 2008 ililipa Marekani na Ujerumani karibu dola bilioni 1.6 kwa sababu ya rushwa, na watu wa komplayansi walikuwepo, ila walikuwa wachache na hawakupewa nguvu.

Kesho yake baada ya simu ya yule meneja, akapiga mama mwenye kampuni mwenyewe. Akaniuliza, huyo mtu ina maana na mimi ataniambia hapana? Nikamwambia ndiyo mama, na wewe ndo wa kwanza. Akanyamaza kidogo, akasema haya, lete watatu. Usaili Jumatatu saa tatu, na mkataba naandika mimi, kipengele cha kwanza ni anaripoti kwa nani.