Mstari Unapokata Mihimili

Simtanki la lita 1,000 limejaa, na nyumba inatumia lita 80 kila siku. Baada ya siku x, maji yaliyobaki ni y = 1,000 − 80x. Chora grafu yake, utapata mstari mnyoofu unaoteremka. Unaanzia kwenye mhimili wa y penye 1,000, kabla hata ndoo moja haijachotwa. Unaukuta mhimili wa x penye 12.5: katikati ya siku ya 13, bomba halitoi hata tone.

Nukta hizo mbili ndizo mwanafunzi anazoambiwa atafute, na mara nyingi hukariri tu: "Weka sifuri." Weka wapi, na kwa nini? Nukta iliyo kwenye mhimili wa y haijasogea kulia wala kushoto, hivyo x yake ni sifuri. Iliyo kwenye mhimili wa x haijapanda wala kushuka, hivyo y yake ni sifuri. Kwa hiyo ukitaka kujua mstari unakata wapi mhimili mmoja, herufi ya mhimili wa pili ndiyo unayoipa sifuri. Naomba walimu wenzangu tukae hapa hata kipindi kizima.

Chukua 2x − 5y = 20. Y ikiwa sifuri, 2x = 20, x = 10; nukta ni (10, 0). X ikiwa sifuri, −5y = 20, na hapa ndipo madaftari mengi huharibika: mtoto anaiacha ile alama ya kutoa na kuandika y = 4. Jibu ni −4, nukta ni (0, −4), chini ya mhimili wa x. Kosa jingine ni kuandika (0, 10) badala ya (10, 0); hesabu ni sahihi, ila nukta imehamishiwa mhimili mwingine.

Mstari kama y = 5 haukati mhimili wa x kamwe. Nao y = 2x unakata mihimili yote penye (0, 0), hivyo tafuta nukta nyingine, mfano (1, 2), ndipo uweze kuuchora.

Turudi kwa 2x − 5y = 20. Kabla hujaunganisha nukta zako kwa rula, jaribu ya tatu: x ikiwa 5, y ni −2. Rula isipopita kwenye (5, −2), rudi kwenye alama zako za kutoa.