Köln, mji uliotajirika kwa kusimamisha mizigo

Kila nikiwatembeza wageni Köln, Ujerumani, wao hukimbilia Kanisa Kuu na minara yake ya mita 157. Siwalaumu. Ila mimi kazi yangu ni historia ya biashara, kwa hiyo huwateremsha kwanza mtoni, kwenye Fischmarkt, soko la zamani la samaki. Utajiri wa mji huu ulianzia kwenye kina cha maji.

Kutoka baharini hadi Köln, Mto Rhine una kina cha kutosha, na vyombo vikubwa vya Uholanzi vilipanda vikiwa vimesheheni. Kutoka hapo kwenda juu maji hupungua na miamba huanza, na huko walihitaji vyombo vidogo vya chini bapa. Mzigo ulikuwa lazima ubadilishe chombo. Mwaka 1259 Askofu Mkuu Konrad von Hochstaden, yuleyule aliyeweka jiwe la msingi la Kanisa Kuu mwaka 1248, akaifanya hali hiyo kuwa sheria: mfanyabiashara yeyote apitaye ashushe bidhaa zake na kuziuza hapo kwa siku tatu, wenyeji wakitangulia kununua. Wajerumani huiita Stapelrecht.

Wengi huiona sheria hii kama unyang'anyi mtupu. Mimi nasema litazame kwanza pipa moja la heringi. Lilifika kutoka Uholanzi, likafunguliwa, samaki wakakaguliwa mmoja mmoja. Walioharibika walitolewa, wazima wakapangwa upya kwa chumvi mpya, kisha pipa likapigwa alama ya mji kwa chuma cha moto. Mnunuzi wa huko juu, mbali kabisa na bahari, aliiona alama ile akajua anachokilipia. Köln iliuza samaki, na pamoja nao iliuza uaminifu.

Na mzigo ukishalala mjini siku tatu, mikono ya wenyeji huufikia. Hapa ndipo ninapopenda kukaa zaidi. Mwaka 1437 wanawake watengenezaji wa hariri walipata chama chao cha ufundi, chenye kanuni zake na wanagenzi wake wa kike, jambo la nadra sana Ulaya ya wakati ule. Wengi waliolewa na wafanyabiashara wa hariri: mume analeta hariri ghafi kutoka Italia, mke na wanagenzi wake wanaitengeneza, mume anaipeleka sokoni. Nyumba moja, biashara nzima. Katika vitabu vya mji jina la Fygen Lutzenkirchen bado linasomeka miongoni mwa mafundi wakubwa wa kazi hiyo.

Sheria ilidumu karne tano na zaidi, hadi Mkataba wa Mainz wa mwaka 1831 ulipoufungua mto. Leo matishari marefu ya makontena na mafuta hupita chini ya daraja la Hohenzollern, mbele ya Kanisa Kuu, yakielekea Basel, Uswisi, bila kutia nanga.