Eti nchi ikipata vichwa, ubunifu unakuja wenyewe

Kazi yangu ni kushauri watu wanaotunga sera za sayansi na viwanda, na juzi tena kwenye kikao nimeambiwa ile ile, eti tafuta watoto wenye akili, wasome sayansi, basi mengine yatajileta. Jamani. Vichwa vipo kila mahali.

Angalia Muungano wa Sovieti. Walirusha Sputnik, satelaiti ya kwanza duniani, 1957, wahandisi walikuwa nao kibao, lakini meneja wa kiwanda alikuwa anapimwa kwa kufikisha kiwango cha uzalishaji alichopangiwa, sasa asimamishe kazi afunge mashine mpya afu akose bonasi, we ungefunga?

Na James Watt, yule mvumbuzi wa Uskoti, huyu nimemsimulia mpaka wenzangu wamenichoka. Wazo la kuboresha injini ya mvuke alilipata 1765, afu akakaa miaka anapima mifereji ili ale, mfadhili wake wa kwanza Roebuck akafilisika 1773, hisa zikaenda kwa Matthew Boulton mwenye kiwanda na mafundi, na silinda yenyewe haikutoka sawasawa mpaka Wilkinson, mfua chuma, alipoleta mashine yake ya kutoboa mizinga ya 1774. Injini za kuuza zikaanza kazi 1776. Yaani kichwa kimoja, halafu mtaji, fundi, sheria ya hataza (haki ya mvumbuzi kuzuia wengine wasimwige), na wateja wenye migodi inayojaa maji. Ondoa kimoja hapo Watt anabaki mpima mifereji.

Ndo maana swali langu la kwanza kwa mteja sio una maprofesa wangapi, ni hili: mtu akifeli biashara kwenu inakuwaje? Kama deni linamfuata mpaka kaburini na benki hazimgusi tena, wenye akili wataomba ajira tulivu, na siwalaumu. Rekebisheni sheria ya ufilisi, ni rahisi kuliko lile jengo la vioo mnaloliita kituo cha teknolojia.

Kauli zingine ninazosikia, fasta. Serikali ikae pembeni? Intaneti chimbuko lake ni ARPANET, mtandao wa kompyuta wa 1969, pesa ya wizara ya ulinzi ya Marekani, na GPS ni ya jeshi. Hataza nyingi ndo ubunifu? Kodak, kampuni ya filamu za picha, walitengeneza kamera ya dijitali 1975, hataza wakapata, na 2012 wakaomba kinga ya kufilisika. Lazima uwe tajiri kwanza? Korea Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa maskini kabisa, wakakomaa na kusomesha kila mtoto shule ya msingi, sa hivi karibu asilimia 5 ya pato la taifa inaenda kwenye utafiti.

Na hii ya wageni kuwabania wazawa nafasi, mtu asiniulize tena wiki hii. Sergey Brin, mmoja wa waanzilishi wawili wa Google, alizaliwa Moscow 1973, baba yake mwanahisabati, na familia ikahamia Marekani 1979. Sovieti hao hao wenye vichwa kibao.