"Upele" ni upele gani? Maneno ya kumweleza daktari wa ngozi

Kwenye kliniki ya ngozi, neno linalotupotezea muda kuliko yote ni "upele". Kwa mmoja ni ugonjwa wa vijidudu wanaochimba ngozi. Kwa mwingine ni chochote kilichochomoza, kuanzia harara ya mtoto hadi chunusi. Ndiyo maana nawaomba wagonjwa waliweke kando jina la ugonjwa, waniambie jicho linaona nini na kidole kinagusa nini.

Anza na kidole. Fumba macho, kipitishe juu ya ngozi. Usipokuta mwinuko wala mkwaruzo, hilo ni baka: rangi tu ndiyo iliyobadilika. Ukikuta kiuvimbe kigumu kisichofika sentimita 1, ni kipele. Kikubwa zaidi, chenye mzizi ndani, ni kinundu. Chenye maji ni lengelenge. Magamba ni ngozi kavu inayobanduka, ilhali kigaga ni maji au usaha uliogandia juu ya kidonda. Watu huyachanganya haya mawili, na matibabu yake hayafanani.

Rangi nayo ina mtego. Ule "wekundu" unaotajwa sana, kwenye ngozi nyeusi huonekana zambarau, kahawia iliyokolea au kijivu. Linganisha na sehemu hiyohiyo upande wa pili wa mwili. Kisha kandamiza kwa bilauri ya kioo: madoa ya zambarau yasiyofifia ni damu iliyovuja ndani ya ngozi. Yakiambatana na homa, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Mpangilio husema mengi. Choa ni duara lenye ukingo ulioinuka na magamba, katikati pametulia. Ukilipaka krimu ya steroidi, ukingo hufifia na muwasho hupoa, huku fangasi ikiendelea kutambaa. Kwa hiyo njoo na tyubu uliyotumia. Mkanda wa jeshi hupanga malengelenge upande mmoja, kwa kawaida bila kuvuka katikati ya mwili. Upele wenyewe, ule wa vijidudu, huwasha zaidi usiku, hupenda katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, na mara nyingi mwingine nyumbani naye anajikuna.

Baka lililopauka nalichunguza kwa unyuzi wa pamba, mgonjwa akiwa amefumba macho. Mbalanga huwa nyeupe pe, lakini mguso anausikia. Asipousikia, tunafikiria ukoma, na dawa zake hutolewa bure.