Unga wa njano ukiungwa sesiamu: mwanga, joto na saratani

Tulikuwa jikoni kwa mama mdogo, Uyole, Mbeya, akaniuliza: "Eti mwanangu, saratani siku hizi inachomwa kwa taa?" Mimi ni mwanakemia, na hilo ndilo ninalolihangaikia kila siku. Nikawasha tochi ya simu, nikamwambia aizibe kwa kidole. Kidole kikawa chekundu. Damu inanyonya kijani na bluu, nyekundu inapenya. Mbele kidogo ya nyekundu, kwenye mwanga usioonekana uitwao infraredi, wenye urefu wa wimbi wa nanometa 700 hadi 1,100 hivi (nanometa ni sehemu ya bilioni ya mita), mwili unapenyeka zaidi, japo kwa sentimita chache tu.

Lakini mwanga unaopita hauchomi kitu. Lazima ndani ya uvimbe kuwe na kitu cha kuunyonya na kuugeuza joto. Anika juani sufuria mpya na nyingine yenye masizi, hata Julai yetu ya baridi: ya masizi ndiyo itakayowahi kupata moto. Nanochembe, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, zinafanya kazi ya hayo masizi.

Sasa njoo kwenye utamu wenyewe. Oksidi ya tangsteni, yaani metali ya tangsteni iliyoungana na oksijeni, ni unga wa njano, na infraredi haiushughulishi. Uunge na sesiamu, metali nyingine, atomu moja kwa kila tatu za tangsteni hivi, unageuka bluu iliyokoza. Nasema kuunga kwa sababu ndivyo ilivyo: mboga ni ileile ya majani, karanga zimeibadilisha. Sesiamu inaachia elektroni zake, zinabaki zikiyumba ndani ya chembe, na infraredi ikizipata inaziyumbisha mpaka chembe nzima inapata moto. Unga huohuo hupakwa kwenye vioo vya madirisha kuzuia joto la jua.

Kuna wanaounga kwa chuma au shaba. Metali hizo zinavunja haidrojeni peroksaidi, ambayo seli nyingi za saratani huzalisha kupita kiasi, na kutoa sumu inayoziumiza palepale. Joto nalo, kuanzia nyuzi 42 hivi, linazidhoofisha. Likipita 50, protini zinaganda kama ute wa yai.

Kinachoninyima usingizi ni mabaki ya chembe hizi mwilini. Chembe zilizo chini ya nanometa 6 hivi figo huzitoa, kubwa zaidi hukwama kwenye ini na wengu.

Kwa wagonjwa, zilizotangulia kujaribiwa ni chembe za dhahabu. Chuo Kikuu cha Rice, Houston, kilionyesha mwaka 2003 magamba ya dhahabu juu ya chembe za silika, kitu kilekile cha mchanga. Mwaka 2019 yakatangazwa matokeo ya kuyajaribu kwa wanaume 16 wenye saratani ya tezi dume. Angalia walivyofanya: mwanga wa leza uliingizwa hadi ndani ya tezi kwa nyuzi nyembamba za kupitisha mwanga, maana kutoka nje usingefika. Unga wangu wa bluu bado uko maabara na kwa panya.

Mama mdogo alikuwa akimuulizia jirani yake, mwenye rufaa ya kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kwa saratani ya shingo ya kizazi. Nikamwambia, "Mama, asisubiri hii, aende." Tukampigia palepale. Tiketi ya basi alikuwa ameshakata.