Bandari haiharibu bahari kwa mafuta pekee

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba bandari huharibu bahari pale tu mafuta yanapomwagika. Sivyo. Madhara makubwa huanza kabla meli ya kwanza haijatia nanga.

Tazama bandari ya Lamu, pwani ya Kenya. Ili meli kubwa zipite, ilibidi sakafu ya bahari ichimbwe. Tope likitibuka hivyo, mwanga wa jua haufiki chini, nyasi za bahari hufifia, na tope linapotua hufunika matumbawe. Humo ndimo samaki wengi huzaliana na kukulia. Mikoko nayo ilikatwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara hayo; gati la kwanza, yaani mahali meli hufunga, lilianza kazi 2021. Kwangu mimi, wavuvi hao walistahili kusikilizwa mapema zaidi, maana wao ndio wanaoijua bahari ile.

Bandari ikishafunguliwa, mchanga hurudi na uchimbaji hurudiwa. Meli zilizofunga gatini mara nyingi huwasha jenereta kupata umeme, na moshi wake huvutwa na makuli na majirani. Nyingine humwaga maji ya kusawazishia uzito, yaliyotekwa bahari za mbali pamoja na viumbe wageni.